Matuta Kwenye Ngozi ya Bi Madoa

Tarehe 4 Mei

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja chini. Kwanza tuandike kilichopotea. Tarehe 19 Februari, miaka minne iliyopita, manyoya ya chui yalinitoka mikononi ndani ya pipa la dawa ya ngozi. Jioni ya siku hiyo hiyo baba akasema mbele ya watu wa makumbusho, "Mkono wa huyu unaozesha." Asubuhi nilipoteza chui, jioni nikampoteza baba. Tangu siku hiyo sijakanyaga karakana yake.

Sasa salamu. Hujambo? Mkeo hajambo? Nasikia macho ya baba yamezidi kuwa na giza. Mimi mzima. Chumba cha mbele najaza maranda na kusimamisha paka na kasuku waliokufa, cha nyuma nalala na magunia yangu ya chumvi. Wiki iliyopita mama mmoja alikuja kumchukua mbwa wake, akamtazama, akamzunguka, akaniambia, "Fundi, huyu anaonekana mzima kuliko mume wangu." Kwa hiyo kazi ipo, nacheka ninapopata nafasi.

Nakuandikia kwa sababu simu zangu hupokei, na ukipokea maneno yako yanateleza kama samaki. Kwenye karatasi yatakaa.

Juzi alikuja mzee mmoja na kasuku aliyekufa kwenye boksi la viatu. Kumbe ni yule mlinzi wa geti la bustani ya wanyama. Akanikazia macho.

"Wewe si ndiye uliyemharibu chui wetu, Bi Madoa?"

"Ndiye mimi."

"Ulimharibuje, na mlivyomwahi vile? Jumamosi asubuhi kijana wenu kafika hata chai yangu sijaimaliza. Tukampakia kwenye pikapu."

"Ilikuwa Jumatatu, mzee."

"Jumamosi, mama. Jumatatu mimi nilikuwa nang'olewa jino. Nani angekufungulieni geti?"

Nimeyaandika kama alivyoyasema. Na ya nyuma pia nayaandika, usije ukaniambia sikumbuki vizuri. Bi Madoa alikufa kwa uzee. Watoto wote wa mji huu walikuwa wamesimama mbele ya banda lake, mimi na wewe tukiwemo. Makumbusho wakampa baba kazi ya kumsimamisha, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Baba alikuwa kitandani na homa. Kisu akanipa mimi, ufunguo wa pikapu akakupa wewe. Ukaja na chui Jumatatu asubuhi. Nilipombonyeza tumbo niliona ukijani wa kuoza kwa mbali, nikakuuliza, ukasema, "Dada, ametoka kwenye jokofu la bustani sasa hivi, karatasi ndizo zilizonichelewesha." Nikachuna. Ungekuwa mtu mwingine ningemrudisha na mzoga wake. Ulikuwa mdogo wangu, nikachuna.

Chui alikuwa wapi kuanzia Jumamosi asubuhi mpaka Jumatatu?

Dada yako

*

Tarehe 21 Mei

Dada Futi, shikamoo!

Barua yako nimeipata, nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Hatujambo wote. Mke wangu anakusalimu, anauliza kama bado unatembea na futi kamba mfukoni hata ukienda harusini. Nimemwambia bado, juzi kapima barua kabla ya kuituma.

Samahani kwa kuchelewa kujibu. Unajua jina mlilonipa nyumbani. Bwana Kesho ndiye mimi, na kesho yenyewe imefika leo.

Baba hali yake ni hivyo hivyo. Macho yamekwisha, dada. Mchana anajua dirisha liko wapi na basi. Lakini kila asubuhi anataka apelekwe karakana. Anakaa kwenye kigoda chake, naweka ngozi mapajani mwake, anaipapasa, ananiambia, "Hapa umeacha mafuta." Na kweli nimeacha! Watu wakiingia wanadhani anaona.

Sasa habari kubwa. Jumapili ya tarehe 30 Juni, saa tisa mchana, baba atanikabidhi ufunguo wa karakana mbele ya ndugu. Amesema wote waje. Hakukutaja kwa jina, ila alisema "wote", na wewe ni mmoja wa wote. Njoo, dada. Tukae, tule, tucheke kama zamani.

Hayo ya chui, mbona unayafukua? Yule mzee wa geti ana umri gani? Mtu wa umri ule akikwambia leo ni Jumanne unaangalia kalenda. Mimi najua nilichokwambia siku ile: karatasi zilinichelewesha. Halafu, usikasirike, baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba manyoya yakitoka, kosa ni la aliyechuna au la chumvi. Mimi nilikuwa dereva tu. Dereva anahusika vipi na chumvi?

Yamepita. Njoo na yule mbwa anayemzidi mume wa mtu, tumwone.

Mdogo wako,
Bwana Kesho

*

Tarehe 25 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa mkeo. Mwambie futi kamba ipo mfukoni, na leo imefanya kazi.

Unaijua amri ya baba: ngozi iliyoharibika haikunjuliwi tena. Inaviringishwa kama ilivyo, inafukiwa nyuma ya karakana, na kuitaja ni mwiko. Alisema fundi akizoea kutazama makosa mkono unaingia woga. Ngapi tulizifukia mimi na wewe? Sungura, mbuni, yule swala wa mwanzo uliyemkata sikio. Hatukuwahi kukunjua hata moja tukaiuliza ilikufaje.

Bi Madoa sikumfukia. Nilifukia gunia la maranda, ngozi nikaondoka nayo ndani ya chumvi. Sikujua naichukulia nini. Labda sikutaka kwenda mikono mitupu.

Jana nimeilowesha, nimeikunjua mezani, nikaitandaza ubavu wa kushoto juu. Miaka minne nimelala nayo chumba kimoja na sikuwahi kuiona.

Manyoya ya ubavu wa kushoto hayakutoka ovyo, Bwana Kesho. Yametoka kwa mistari. Mstari mtupu, kisha manyoya yamesimama vizuri, kisha mstari mtupu tena, kutoka bega hadi paja, imenyooka kama mtu aliyepiga rula. Kutoka mstari hadi mstari ni sentimita kumi na mbili. Nimepima yote sita. Kumi na mbili, kumi na mbili, mpaka mwisho.

Chumvi haichori mistari. Kisu changu hakichori mistari. Sakafu ya jokofu la bustani ni saruji, nimeingia mle mara nyingi, ni tambarare kama meza. Ubavu wa kulia wa chui huyo huyo, uliochunwa na mkono huo huo na kupakwa chumvi hiyo hiyo, umetimia. Hata unyoya mmoja haujang'oka.

Sasa toka nje ulikopaki, panda nyuma ya pikapu ya baba, tazama bodi yake. Ina nini? Ina matuta. Tulikuwa tukikalia hayo matuta tukienda kuchukua chumvi, na kila tukishuka yametuchora mapajani. Pima kutoka tuta hadi tuta uniandikie.

La pili. Siku ile nilikuuliza mbona sharubu za upande mmoja ni fupi. Ukasema, "Labda panya wa bustani." Nimeziangalia kwa lenzi. Panya akitafuna anaacha ncha ina nyuzi. Hizi zimekatwa bapa, kwa mkasi, na zimekatwa na watu tofauti, kwa sababu kila moja ina urefu wake. Nani alikuwa na mkasi? Na walikuwa wanafanya nini wamemzunguka chui wa makumbusho?

Kuja Jumapili hiyo nitakuja au sitakuja kutegemea na majibu yako. Karakana siitaki. Nina vyumba vyangu viwili, nimevijaza mwenyewe. Ninachotaka ni baba ayarudishe maneno yake aliyoyasema juu ya mkono wangu, mbele ya watu, kama alivyoyasema mbele ya watu. Na hawezi kuyarudisha kabla hujamwambia.

Dada yako

*

Tarehe 9 Juni

Dada, shikamoo.

Natumaini u mzima. Sisi tuko salama, baba kakohoa kidogo wiki hii.

Swali lako la kupima matuta sitaweza kulijibu kwa sababu pikapu nimeiuza. Ilikuwa inakula mafuta kama imelaaniwa na milango haifungi. Usianze kuhesabu tarehe, najua ulivyo. Mnunuzi alikuwa anaitaka tangu mwaka jana.

Na nikwambie kitu, barua yako imeniumiza. Unaniandikia kama polisi. Mimi ni mtu mwenye familia, nina baba kipofu wa kumshika mkono kila siku, kazi ambayo wewe uliikimbia. Uliondoka na sanduku lako na ulimi wako, ukaniachia mzee. Nani anamwogesha? Nani anamkata kucha? Futi kamba?

Kama unadhani nilimtupa Bi Madoa juani kama kiatu, unanikosea. Muda wote pikapu ilikuwa kivulini. Nilimfunika turubai nikalimwagia maji, tena zaidi ya mara moja. Sikuwa mtoto, nilijua nimebeba nini.

Naomba tuyaache. Baba hahitaji haya sasa.

Mdogo wako

*

Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Poleni na kikohozi cha baba. Mpe maji ya moto usiku, na sharti umkalishe, asilale chali.

Umeniuliza nani anamwogesha. Wewe. Hilo sikunyang'anyi, na nikikaa peke yangu huwa linaniuma kuliko unavyofikiri. Lakini mara tatu nilikuja kumwona, na mara tatu alisema kupitia mlango, "Mwambieni karakana imefungwa." Ulikuwa umesimama kando yake kila mara. Ungesema neno moja ningeingia, na leo tungekuwa tunamwogesha kwa zamu.

Sasa soma barua yako mwenyewe. Nimekunakilia: "Muda wote pikapu ilikuwa kivulini." Muda upi? Siku ile uliniambia chui alikuwa jokofuni mpaka Jumatatu asubuhi, na Mei ukashikilia hayo hayo. Kutoka bustani hadi karakana ni mwendo wa dakika arobaini, hata uendeshe kwa kurudi nyuma. Mtu wa dakika arobaini hatafuti kivuli. Hamwagi maji juu ya turubai, tena zaidi ya mara moja.

Pikapu umeiuza, sawa. Nimekwenda kwa fundi bodi wa barabara ya nyuma, anazo mbili za aina ile ile, mwaka ule ule. Nikamwomba nipande nipime. Akaniuliza, "Mama, unanunua?" Nikamwambia, "Namtafuta mtu." Akanitazama kama nimepungukiwa. Sentimita kumi na mbili, tuta hadi tuta, na ngozi huoza kwanza pale inapolalia chuma cha moto.

Turubai lenyewe ndilo lililomuua mara ya pili. Kuufunika mzoga bila kuupasua tumbo ni kuupika. Hilo baba alitufundisha siku moja, tukiwa tumekaa benchi moja. Mimi nilisikiliza. Wewe ulikuwa unamchora baba masharubu kwenye kitambaa cha meza.

Nimesubiri miaka minne nikidhani ni mkono wangu. Unajua ilivyo? Kila kasuku ninayemchuna naamka usiku kwenda kumgusa, nione kama manyoya yanashika. Nina mikono miwili na sijaiamini hata mmoja tangu siku ile.

Ulimpeleka wapi?

Dada yako

*

Tarehe 21 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umetulia. Baba amepona kikohozi, kanuni yako ya kumkalisha imesaidia. Sikumwambia ni yako.

Tuseme. Nasema tuseme tu, dada, siandiki kwamba ndivyo ilivyokuwa. Tuseme kulikuwa na kijana anatafuta mke. Na tuseme kila akienda kwa wakwe zake watarajiwa, shemeji zake wanaziba pua na kumwita Mshona Mizoga. Baba mkwe hamtazami usoni, anazungumza na kiatu chake. Anamuuliza, "Na kazi nyingine huna?" Tuseme kijana huyo siku moja akajikuta na mnyama ambaye mji mzima unamjua, nyuma ya gari lake, na nyumba ya wakwe iko njiani.

Tuseme alisimama kwa nusu saa. Nusu saa tu ndiyo alikusudia. Lakini mtaa mzima ukatoka. Wazee wakaleta viti. Baba mkwe akashika mguu wa chui, akaupima na mkono wake, akacheka, dada, akamwita kijana "mwanangu". Ungekuwa wewe ungesema, "Samahani, ninawahi chumvi"? Wakasema lala, kesho wanakuja wajomba nao wamwone. Watoto wakataka sharubu. Angewakataliaje, naye siku hiyo ndiyo kwanza alikuwa mtu?

Tuseme alimfunika, akamwagia maji, na usiku aliamka kwenda kumtazama. Tuseme alidhani dada yake atafanya maajabu, kwa kuwa dada yake alikuwa anaweza kila kitu.

Na baada ya hapo, mtu huyo angeanzia wapi? Baba alishasema. Lile neno la baba likishatoka unalirudishaje?

Sasa nisikilize kwa upole. Baba amebakiza furaha moja, hii ya Jumapili. Ukimwambia leo kwamba alimfukuza mtoto asiye na kosa, utakuwa umempa nini? Atakaa gizani na hilo. Njoo tu. Nitakupa benchi la dirishani, lile lako. Nitawaambia watu wewe ndiye fundi mkuu. Mke wangu hajui kwamba chui aliharibika kwa ajili ile, yeye anajua ilikuwa siku yake ya furaha. Usimwondolee.

Mdogo wako anayekupenda

*

Tarehe 23 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini mko wazima, na mkeo namtakia heri. Sina ugomvi naye, wala na kicheko cha baba yake. Nimesoma pale baba mkwe alipokuita mwanangu, nikaweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Nilikuona. Nakujua ulivyosimama, kifua mbele, mkono kwenye bodi ya pikapu. Ungenipigia simu Jumamosi ile ukaniambia, "Dada, nimekwama ukweni na chui," ningepanda gari la kwanza nikamchunia palepale uani kwao, mbele ya viti vyao, na wangekuita fundi mpaka leo. Hukunipigia.

Umeniambia wewe siku hiyo ndiyo kwanza ulikuwa mtu. Sawa. Siku nne baadaye mimi ndiyo nikaacha kuwa mtoto wa mtu. Uliitwa mwanangu na baba mwingine, na hukutoa hata neno moja wangu alipoacha kuniita.

Benchi la dirishani baki nalo. Umeniandikia "tuseme" mara nyingi mno, nimezizungushia duara kwa kalamu nyekundu, ukurasa umekuwa kama una ndui. Tuseme sio jibu. Kijana wa kwenye hadithi yako simjui. Namjua mdogo wangu, na yeye ndiye ninayemuuliza.

Unasema baba atakaa gizani na hilo. Miaka minne ameshakaa na jingine, kwamba binti yake aliyemfundisha kwa mikono yake hakufundishika. Unadhani hilo ni jepesi kwa fundi? Unadhani analala nalo vizuri?

Basi sikiliza nitakavyofanya, ili usije ukasema nilikuvizia. Ngozi nimeiosha, nimeilainisha, nimeikausha. Nimeiviringisha kwa ndani, ubavu wa kushoto juu, iko kwenye kigoda mlangoni kwangu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba baba anapapasa ngozi na kusema palipobaki mafuta. Macho yake yamekwisha, vidole vyake havijapofuka. Jumapili kabla ya saa tisa nitaingia, nitamwamkia, nitaiweka mapajani mwake nikae kimya. Sitataja jina lako. Ataanzia begani, atafika tuta la kwanza, atafika la pili, na hatakuwa amefika pajani kabla hajageuza uso upande ulipokaa. Alikalia bodi ile ya pikapu miaka mingi kuliko sisi.

Sitaki iwe hivyo. Nataka aisikie kwako, kwa mdomo wako, kabla hajakupa ufunguo, na mimi niitwe baadaye. Ukimwambia wewe, ngozi hii naifukia nyuma ya nyumba yangu, na hutasikia tena neno chui kutoka kwangu maisha yako yote. Mkeo hatajua. Wakwe zako hawatajua. Baba atabaki na mtoto aliyekosea akasema, na mwingine aliyerudi.

Kwa hiyo niandikie. Mstari mmoja unatosha, na usianze na salamu, usinitajie hali ya hewa, usinichekeshe. Barua inifikie Jumamosi tarehe 29, saa sita mchana. Mtu wa kuileta unaye, na kwangu ni dakika ishirini kwa mguu, nimepima. Ikipita saa sita na dakika moja nitajua kwamba Bwana Kesho amejibu.

Utamwambia baba au humwambii?

Dada yako